Mtoto wa Kuazimwa

Iwapo watoto wawili wamezaliwa na mama mmoja, usiku mmoja, juu ya kitanda kimoja cha hospitali ya misheni pale Plateau, wa pili akichelewa kwa muda usiozidi ule wa kuchemsha chai, yawezekanaje mmoja wao awe na miaka minane na mwenzake awe hajatimiza sita? Swali hili lilizuka Jumatatu ya kwanza ya muhula, Januari 1981, katika uwanja wa shule moja ya msingi huko Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mimi ninayelisimulia sina jibu bado. Mwalimu mkuu alikuwa nalo, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Jibu la mwalimu mkuu, Bwana Wepukhulu, lilikuwa sikio. Wakati ule wazazi wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na wachache waliokuwa navyo walikuwa wamevificha vizuri mno hata wasikumbuke wapi. Kwa hiyo mtoto aliyetaka kuingia darasa la kwanza alisimama wima, akapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, na kujaribu kushika sikio la kushoto. Akilifikia, ametimiza umri. Asipolifikia, arudi nyumbani akakue. Asubuhi ile watoto wapatao themanini walikuwa wamepangwa mstari, mikono juu ya vichwa, kama mateka wadogo wa vita ambavyo hakuna aliyewaeleza.

Nicholas, mwana wa Nekoye, alikuwa na miaka mitano na miezi michache, lakini mikono yake ilikuwa imetangulia mwili wote kukua. Hakulishika sikio tu. Alilipita, akajikuna shavu.

"Huyu amekomaa," Bwana Wepukhulu akasema. "Andika."

Mwalimu Jelagat, msichana aliyetoka chuo cha ualimu mwaka uliopita na kukabidhiwa darasa la kwanza, akaandika.

Kisha akaja Adongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika kwenye kiwiko tangu alipozaliwa, vidole vimejikusanya kama vinavyoficha punje ya mahindi, na mguu wa upande huohuo aliuburura kidogo. Mkono ulipanda mpaka usawa wa bega, ukatetemeka, ukakoma.

"Bado mdogo," Bwana Wepukhulu akasema.

"Mdogo?" Leonida, mama yake, akajitokeza mbele ya mstari. "Mwalimu, huyu ni pacha wa Apiyo! Apiyo yuko darasa la tatu hapa kwako. Ulimpima sikio wewe mwenyewe mwaka wa sabini na tisa."

"Mama Apiyo, mimi sikatai. Lakini kila mtoto na sikio yake."

"Walitoka tumbo moja, usiku moja!"

"Basi huyu alichelewa."

"Alichelewa dakika kumi na tano!"

"Kuchelewa huwa inaanza hivyo hivyo, Mama."

"Sawa. Basi ashike na mkono wa kushoto. Huo ni mzima."

Bwana Wepukhulu hakuwa mkatili. Alikuwa mtu aliyepewa shule yenye madarasa saba na paa la madarasa matano, na aliyegundua kwamba njia ya kulala usingizi ni kutobadilisha kitu chochote. "Hapa tumetumia wa kulia tangu shule ifunguliwe," akasema. "Tukianza na wa kushoto leo, kesho mtu ataleta mguu."

Wakati wakubwa wakibishana, Adongo alikuwa amegeukia kibao kilichokuwa mlangoni mwa ofisi. "Usi-kanyage ma-ua," akasoma kwa sauti. Akatazama chini, akatazama huku na huku. "Mama, maua yako wapi?"

Maua yalikuwa yameliwa na mbuzi wa mlinzi mwezi wa Agosti. Jelagat aliinua kichwa kutoka kwenye rejista. "Mwalimu, huyu anasoma."

"Kusoma si kigezo cha kuingia shule, Mwalimu Jelagat. Kusoma ni kitu watakuja kufundishwa."

Akaingia ofisini, akatoka na karatasi. Ilikuwa fomu ya shule moja ya bweni ya watoto walemavu, mbali kupita Timboroa, mteremko wa kuelekea Nakuru. Kulikuwa na kitanda kimoja wazi. Wazazi wajaze, warudishe Ijumaa kabla ya saa sita, kwa sababu saa hiyo rejista ya darasa la kwanza ingefungwa na kupelekwa manispaa. Leonida aliipokea kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa kwenye unga.

*

Ondiek, baba wa mapacha, alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo mjini. Alikuwa mtu wa kalamu mbili mfukoni, moja ya wino wa buluu ya kuandikia na moja ya wino mweusi ya heshima, na hakuna kitu alichokipenda kama fomu iliyopangwa vizuri. Jioni ile aliinama juu ya fomu ya bweni jinsi wanaume wengine wanavyoinama juu ya samaki wa kukaanga.

"Hii ni fomu safi," akasema. "Ona, wameacha nafasi ya kutosha ya jina la baba."

"Na nafasi ya machozi ya mama wameiacha wapi?"

"Leonida, usianze. Huko kuna wataalamu. Kuna vitanda. Kuna daktari anakuja kila mwezi."

"Na mtoto wangu atakuja lini?"

"Sikukuu."

"Yawa! Nitumiwe mtoto Krismasi kama kadi?"

Kutoka chini ya meza, ambako mapacha walikuwa wakisomeana kitabu cha Apiyo, sauti ya Adongo ikauliza, "Baba, Apiyo pia ataenda?"

"Apiyo ana shule yake."

"Basi hatuendi," Apiyo akasema, na wakafungua ukurasa mwingine, kwa maoni yao shauri likiwa limekwisha.

Si kwamba Ondiek hakumpenda bintiye. Alimpenda kama mtu anavyopenda kitu na kukifunika. Wageni walipokuja, alimkalisha Adongo upande ule wa benchi uliogusana na ukuta, ili mkono uliokunjika uelekee ukutani. Na wakati wa kula alikuwa na neno moja, "Kulia!", alilolitoa kwa mnong'ono mkali kila mara mkono wa kushoto wa Adongo uliponyooka kuelekea ugali. Adongo alitii, tonge likaanguka, na Ondiek akalitazama tonge badala ya kumtazama mtoto.

Nekoye, jirani yao, akaingia bila kubisha hodi, akimvuta Nicholas, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameliacha sikio lake.

"Mama Pacha," akasema, "mnahangaika nini na dawa iko hapa ndani ya nyumba? Pelekeni Apiyo ashike sikio kwa jina ya Adongo. Wepukhulu hata hawezi kutofautisha ng'ombe zake mwenyewe."

Ondiek akasimama. "Mama Nicholas, mimi ni karani. Siwezi kughushi mtoto."

"Basi pima. Si wewe ni mtu wa kupima nguo?"

Hilo halikuvunja kanuni yoyote. Ondiek akaleta utepe wa kiwandani, akamsimamisha Adongo, akapima kutoka ncha ya kidole hadi sikioni kwa njia ya juu ya kichwa. Inchi kumi na saba na robo zilikosekana. Aliandika tarehe. Nekoye naye akainamisha shingo, akatazama kwa muda mrefu, kisha akatamka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria.

"Hizo nywele peke yake ni inchi moja."

Wote wakazitazama nywele za Adongo kama mwizi aliyekutwa ndani ya nyumba. Hoja haikuwa na ufa: kichwa kikipungua, safari ya mkono inapungua. Hata Ondiek, mtu wa vipimo, alikubali. Wembe ukaletwa na maji yakachemshwa.

Lakini haikuwezekana kumnyoa mmoja. Mama yake Ondiek, kutoka kule ziwani, alikuwa ameacha amri siku mapacha walipozaliwa: atakachotendewa mmoja, mwenzake atendewe, asije akajiona ametengwa akaugua. Amri hiyo haikuwahi kuvunjwa. Kwa hiyo baada ya Adongo, Apiyo akaitwa, akaja akilia kwa uchungu wa mtu anayeadhibiwa kwa kufaulu.

"Nguo mbili," Leonida akasema, wembe ukipita. "Viatu vya wawili. Apiyo akiumwa na jino, Adongo anapewa dawa. Leo nanyoa kichwa ambayo haina makosa yoyote. Sasa niambie, Baba Apiyo. Kila kitu tumewapa sawa. Kwa nini ni shule peke yake tuliwagawanya, Adongo tukamwacha nyumbani?"

Ondiek aliirudia fomu, akaisoma upande wa nyuma, ambao haukuwa na maandishi.

*

Kwa siku mbili mkono ulikandwa kwa maji moto na mafuta. Jumatano Ondiek aliomba ruhusa ya saa moja kazini, akampakia Adongo nyuma ya baiskeli, akampeleka shuleni na kipara kinachong'aa. Ilikuwa wakati wa mapumziko na maziwa ya shule yalikuwa yakigawiwa. Watoto wakaja na pakiti zao za pembe tatu mkononi, wakasimama duara kutazama.

"Jaribu, nyathina," Ondiek akamwambia. "Jaribu, mwanangu."

Mkono ukapanda. Ukapita bega, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ukafika sikioni, Nicholas akapiga makofi, "Amepata! Amepata sikio!"

"Hilo ni la kulia," Bwana Wepukhulu akasema. "Lile la kushoto liko ng'ambo."

"Imebaki inchi kumi na mbili na nusu tu, Mwalimu. Juzi zilikuwa kumi na saba na robo."

"Mzee Ondiek, sikio halikuwa kwenye nywele."

Watoto wakaangua kicheko. Mmoja akaimba, "Vipara viwili, darasa moja!" na wengine wakadaka wimbo. Ondiek akacheka nao, kwa kuwa mtu anayecheka huwa anatumaini hachekwi. Adongo akainua macho kuona ni nini kinachomfurahisha baba yake, na kwa kuwa hakukiona, akacheka pia ili asimwache peke yake.

Mwalimu Jelagat aliwafuata hadi langoni.

"Mzee, mimi ningemchukua," akasema. "Lakini nikuambie ukweli. Niko na watoto sitini na wanane. Chuoni tulikuwa na somo moja kuhusu watoto kama yeye, na siku hiyo mkufunzi hakuja."

"Sasa ungemfanyia nini?"

"Ningemkalisha mwisho wa dawati, upande wa kushoto, asigongane na mwenzake akiandika. Halafu ningempa jiwe."

"Jiwe?"

"La kushikilia daftari. Mkono wa kulia hauwezi kulishika lisiteleze. Jiwe linaweza."

Ondiek aliudhika. Alikuwa amejiandaa kusikia habari za mashine, za wataalamu kutoka ng'ambo, za vitu ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuvipata na kwa hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutokuwa navyo. Jiwe lilimwacha bila udhuru. Alipanda baiskeli, akarudi nyumbani, na jioni hiyo akajaza fomu ya bweni: maelezo kwa wino wa buluu, sahihi kwa wino mweusi. Leonida alimtazama akiandika, kisha akaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

*

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Bwana Wepukhulu mwenyewe alionekana akija kwa njia ya shambani, kofia mkononi. Hakuwa amewahi kuwatembelea. Ondiek alivaa koti.

"Karibu, Mwalimu! Karibu sana. Leonida, mgeni! Umekuja kuchukua fomu? Iko tayari. Nimejaza kila mstari."

"Fomu ni baadaye, Mzee Ondiek. Nina shida ndogo."

Hakuna aliyeruhusiwa kueleza shida kabla ya kula. Leonida aliweka ugali na mboga na samaki aliyekuwa wa wikendi. Adongo alikalishwa ukutani. Aliponyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani, Ondiek akanong'ona, "Kulia!" Adongo akabadili mkono, tonge likaponyoka, likaangukia bakuli la mchuzi, na mchuzi ukapanda hadi kwenye tai ya mwalimu mkuu.

"Pole, Mwalimu! Pole! Huyu mtoto…"

"Hapana, hapana," Bwana Wepukhulu akasema kwa upole usio wa kawaida, akipangusa tai. "Acha mtoto ale vile anaweza. Kwa kweli nimekuja kwa sababu yake."

Leonida akaacha kutafuna.

"Mnajua huu ni mwaka wa walemavu," akaendelea. "Dunia nzima. Mwezi wa Novemba manispaa walileta karatasi kuuliza: shule yako iko na wanafunzi walemavu wangapi? Sasa, kuandika sufuri si vizuri. Sufuri inaonekana kama dharau. Nikaandika moja."

"Moja ni nani?" Leonida akauliza.

"Ndiyo hiyo shida. Kesho saa nne afisa wa elimu anakuja kumwona."

Nje, kuku walikuwa wakigombania mahali pa kulala.

"Niazimeni mtoto," Bwana Wepukhulu akasema. "Kesho, saa nne mpaka saa sita. Sare shule itampa. Maziwa atakunywa pakiti mbili. Na wewe, Mzee Ondiek, nimekuwa nikifikiria. Kamati ya wazazi haina mwandishi. Inataka mtu wa kalamu."

Mtu hutamani kusema kwamba Ondiek alikataa. Lakini nchi nzima ilikuwa imepangwa kwa kamati na wenyekiti na waandishi, na yeye, kwa miaka kumi na miwili tangu atoke ziwani kuja kutafuta kazi, hakuwahi kuitwa chochote isipokuwa "karani". Alilirudia lile neno moyoni: mwandishi.

"Asubuhi moja tu," akasema. "Haina madhara."

Leonida alingoja mgeni avuke shamba ndipo aseme. "Juzi ulisema huwezi kughushi mtoto. Leo unamkodisha?"

"Ni kuazima. Kuazima si kukodisha."

"Ni kweli. Mwenye kukodisha hupata kitu."

Adongo peke yake ndiye aliyefurahi. Mlinzi alipoleta sare usiku ule, aliijaribu mara nne, na kwa kuwa amri ya nyanya ilikuwa amri, Apiyo naye akavaa yake mpaka wakati wa kulala.

*

Afisa wa elimu, Bi Nanzala, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani na mkoba uliojaa majalada. Bwana Wepukhulu alimwonyesha kwanza picha ya Mtukufu Rais, kisha darasa lenye paa, na mwishowe darasa la kwanza. Wazazi walioalikwa walisimama nyuma, Ondiek kati yao akiwa amevaa koti. Leonida na Nekoye walisimama nje, dirishani. Adongo alikuwa ameketi mwisho wa dawati la mbele, upande wa kushoto, kando ya Nicholas. Juu ya daftari lake palikuwa na jiwe jeusi la mtoni, lililooshwa.

"Huyu ndiye?" Bi Nanzala akauliza.

"Huyu ndiye, madam. Tunampenda sana."

"Anaitwa nani?"

Bwana Wepukhulu akakohoa. Alikuwa amepanga sare, maziwa na saa. Jina alikuwa amelisahau. "Anaitwa… mwache ajitaje mwenyewe. Hapa tunawafundisha kujitegemea."

"Basi njoo uandike jina lako ubaoni, mama."

Adongo akasimama, akatembea kwa mwendo wake hadi ubaoni, akachukua chaki kwa mkono wa kushoto.

Darasa zima likavuta pumzi. Tangu Jumanne walikuwa wamefundishwa mambo matatu: kusimama mgeni akiingia, kutokunywa maziwa ya mwenzako, na kuandika kwa mkono wa kulia. "Kulia!" sauti sitini na nane zikapaa. "Kulia! Kulia!" Bwana Wepukhulu akaongeza yake, kwa wororo, kama anayebembeleza mtoto mchanga mbele ya wageni: "Kulia, mama, kulia."

Adongo akaihamishia chaki mkono wa kulia. Ikashikika kwa nukta moja, ikaanguka, ikavunjika. Hakumtazama mwalimu mkuu wala watoto. Aligeuka na kumtazama baba yake kule nyuma, kwa sababu neno hilo alilijua lilikotoka. Na Ondiek akagundua kwamba midomo yake ilikuwa wazi, nayo ilikuwa imekwisha kulitamka pamoja na wengine.

"Nyamazeni," Mwalimu Jelagat akasema. Akaokota kipande kirefu cha chaki. "Adongo, andika na ule mkono unaoandikia."

Adongo akaandika, kwa herufi kubwa zilizonyooka, maneno yote aliyojifunza chini ya meza kutoka kwenye jalada la daftari la pacha wake, akibadilisha jina tu: *Adongo Ondiek. Darasa la 3.*

"Darasa la tatu?" Bi Nanzala akashangaa. "Basi anafanya nini hapa? Mwalimu, nipe rejista."

Rejista ikatolewa. Bi Nanzala akashuka na kidole kutoka jina la kwanza hadi la sitini na nane, akapanda tena. "Hayumo."

"Ni… mgeni kidogo, madam," Bwana Wepukhulu akasema.

Nicholas, aliyekuwa amesubiri wiki nzima swali analoweza kulijibu, akainua mkono wake mrefu mpaka karibu uguse dari. "Ameazimwa, mwalimu! Mama alisema ameazimwa mpaka saa sita!"

Dirishani, Nekoye akachuchumaa ghafla, kama aliyedondosha kitu.

Jasho lilikuwa limelowesha kola ya Bwana Wepukhulu. Akachomoa kutoka mfukoni fomu ya bweni aliyoipokea asubuhi hiyo. "Madam, kusema ukweli, mambo yake yameshatengenezwa. Baba yake mwenyewe amemjazia bweni. Amepata kitanda. Huyu baba ni mwandishi wa kamati yetu, ni mtu anafuata kanuni."

Bi Nanzala akaisoma fomu mpaka chini, akavua miwani.

"Kitanda kipo," akasema. "Gari la kuwachukua watoto linapita Jumatatu. Nikitia sahihi hapa, ataenda, na nafasi hapa hatahitaji. Nisipotia, mwalimu huyu ana watoto sitini na wanane na hajapata mafunzo, na mimi sina mtu wa kumletea. Nani ni baba?"

"Ni mimi," Ondiek akasema kutoka nyuma.

"Hii sahihi ni yako?"

Wazazi wakampisha. Alitembea kati ya madawati, koti lake likigusa vichwa vya watoto, mpaka akasimama kati ya afisa na ubao. Adongo alikuwa bado ameshika chaki. Mtu aliyemfahamu angeona kwamba Ondiek alikuwa ameogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Mkono wake ulipapasa mfukoni, ukazigusa zile kalamu mbili, ukaziacha. Leonida alikuwa ameshika vyuma vya dirisha kwa mikono yote miwili.

"Sahihi ni yangu, madam," akasema, "na ninaifuta. Huyu mtoto bado si wa shule hii. Nilimwazimisha Mwalimu kwa asubuhi moja. Hilo kosa tulifanya watu wawili, kwa hivyo usimlaumu peke yake, na huo uandishi wa kamati ampe mtu mwingine. Lakini saa sita simchukui kumrudisha nyumbani akakue. Bwenini haendi. Ana miaka minane. Jumatatu nitamleta hapa kwa Mwalimu Jelagat, atakaa mwisho wa dawati hilo, ataandika na mkono wa kushoto, na nyumbani atakula nao, hata tukiwa na wageni. Mkimwandika kwa rejista nitashukuru. Msipomwandika, nitaomba likizo kiwandani, nije nikae naye hapa ndani mpaka mmwandike."